Makasia Yaliyotazama Nyuma

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, mchana ule wa jua kali ambao hata nzi hutafuta kivuli. Siku hiyo kijana aliyeitwa Tiara, kwa jinsi alivyozoea kuruka juu ya vilima vya mchanga kama tiara iliyokatika uzi, alikutwa amekufa chini ya pikipiki yake ya magurudumu manne. Jumapili shemeji yake akatiwa ndani. Jumatatu mkuu wa kituo akatangaza kwamba kesi imekwisha. Wakubwa ni hodari sana wa kumaliza mambo ambayo hawajayaanza.

Jumanne faili likatupwa mezani kwa Sajini Kobe. Hakupewa achunguze, alipewa afunge. Kobe lilikuwa jina la utani. Alitembea polepole, shingo ameirudisha ndani ya kola, na akiulizwa swali alikaa kimya mpaka muulizaji akasahau alichouliza. Wenzake walimcheka tangu akiwa koplo. Hata hivyo, kila walipopata kesi iliyowashinda waliipitisha chini ya mlango wake kama watu wanaotupa taka kwa jirani.

"Andika maelezo mafupi," mkuu alimwambia. "Alhamisi mtuhumiwa anakwenda mahakamani. Kuua kwa kukusudia."

Habari yenyewe, kama faili lilivyoisimulia, ilikuwa nyepesi. Tiara aliwaongoza wageni kwenye kambi moja ya michezo ya mchangani, kazi yake kuwapandisha na kuwashusha vilimani. Kilima kikubwa kuliko vyote, wafanyakazi walikiita Babu, kwa sababu ukimpanda bila heshima anakuangusha. Tiara alikutwa kwenye bega la Babu, juu, karibu na kilele, pikipiki imemlalia kifuani. Fundi wa kambi alikuwa kaka wa mke wake. Na mke mwenyewe alifanya kazi hapohapo, kugawa na kusafisha kofia ngumu za wageni, ndiyo maana wakamwita Mama Kofia. Basi mwanamke yule alimpoteza mume Jumamosi, akachukuliwa kaka Jumapili, na sasa alikuwa akiisubiri Alhamisi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino la pili.

Kobe hakuandika. Alikwenda uwanja wa nyuma wa kituo, pikipiki ilipokuwa imeegeshwa, akachuchumaa mbele ya magurudumu ya nyuma, na hapo akakaa.

Yalikuwa matairi ya aina yake. Tairi la kawaida lina meno madogomadogo ya kuuma ardhi. Haya hayakuwa na meno hata moja. Yalikuwa laini kama tumbo la samaki, na juu ya ulaini huo zilipangwa kuta za mpira, nene, zilizopinda kama viganja vya mtu anayekinga maji. Wenyewe waliyaita makasia, na kazi yake ndiyo hiyo: kuchota mchanga na kuutupa nyuma, chombo kikaenda mbele. Ubavuni mwa kila tairi palikuwa na mshale wa kuonyesha linakotakiwa kuzunguka. Mishale yote miwili ilitazama nyuma.

Mkuu akatokea, chai mkononi. "Hata mtoto anaona, Kobe. Fundi kayafunga kinyume makusudi, mtu kafa."

"Ndiyo, afande. Mishale inaonekana."

"Basi andika."

"Nitaandika, afande, nikishajua cha kuandika."

Mkuu akaondoka akisonya. Kobe akayabonyeza matairi kwa dole gumba. Yalikuwa magumu kama mpira wa miguu siku ya fainali. Akapitisha kidole kwenye ncha za makasia, akakuta zimelika upande mmoja kama kisigino cha mtu anayetembea sana. Kwenye shina la kasia moja palikuwa na kijiwe kimenasa, cheusi, kinanata. Akakichomoa kwa ncha ya kalamu, akakinusa. Lami. Akakifunga katika karatasi, akakitia mfukoni, na kwenda mahabusu.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani. Alikuwa mwembamba kama spana, na jina lake la kambini lilikuwa hilohilo, Spana. Kobe akaketi naye sakafuni, jambo ambalo mkuu wake asingelifanya hata kwa bastola kichwani.

Akamuuliza kuhusu matairi. Spana akasema aliyafunga mwenyewe Jumatatu iliyotangulia, mishale ikitazama mbele, na Tiara aliyatumia wiki nzima bila kulalamika. Upepo je? Akasema yeye huyaacha laini, ukiyakandamiza kwa goti yanabonyea, maana mchangani tairi gumu huzama kama kisu kwenye siagi. Na Jumamosi alikuwa wapi? Mjini. Bosi wa kambi aliwatuma yeye na dada yake kuleta kofia mpya, wakaondoka asubuhi na kurudi jioni. Walipofika walikuta watu wamejaa na polisi wamefika.

"Hilo uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema halinisaidii. Ubaya niliutega kabla sijaondoka, wakasema, kama mtu anavyotega mtego."

"Na ugomvi wenu?"

Spana akainamisha kichwa. "Afande, mtu na shemeji yake wasipogombana, watagombana na nani? Nenda kamuulize Malkia. Alikuwepo. Yeye ndiye aliyewaambia nilimtishia."

Malkia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, sauti ya kuuzia samaki sokoni. Ukutani kwake palikuwa na maandishi mekundu, MALKIA WA MATAIRI, na chini yake taji lililochorwa na mtu ambaye hakuwahi kuona taji. Alikalia matairi matatu ya lori yaliyopangwa kama kiti cha enzi, na alipomwona Kobe hakuinuka.

"Kobe umefika," akasema. "Nilikutarajia juzi, lakini kwa mwendo wako nikasema labda wiki ijayo."

Kobe akasema njia ilikuwa na mawe. Kisha akamwomba amsimulie kuhusu ugomvi, lakini si ule mkia aliowapa polisi. Alitaka mnyama mzima, tangu watu wale wawili walipoingia dukani.

Malkia alipenda kuombwa hivyo. Akaeleza kwamba walikuja kuchagua makasia, na kuchagua makasia ni kama kuchagua mchumba: wengi hutazama umbo, wakasahau kuuliza nguvu. Tiara aliyataka yale marefu yenye makasia kumi na mawili, kwa kuwa hubeba mgeni nyuma na Babu ni mwinuko wa kukata pumzi. Spana akakataa katakata. Injini ya pikipiki ile ilikuwa ndogo. Ukiipa makasia mengi na marefu, kila mzunguko inachota mchanga wa kumzika mtu, inakosa pumzi katikati ya mlima, inazima. Na ukizimikiwa katikati ya Babu utarudi kinyumenyume, chombo kikugeukie.

"Hapo ndipo akamwambia, 'Shemeji, ukifunga hayo utakufa mlimani,'" Malkia akasema. "Yule mwingine akamjibu kwamba anamwonea wivu. Wakatukanana pale, mimi nacheka. Mwisho wakachukua ya makasia manane, mafupi, mepesi. Mbele wakafunga yale laini yenye tuta moja katikati, la kushika usukani. Chaguo la mtu mwenye akili, nilimsifu."

"Mbona polisi uliwaambia tu kwamba Spana alisema shemeji yake atakufa?"

"Waliniuliza kama alilisema neno hilo. Nikasema ndiyo. Wakafunga daftari, wakaenda. Afande, mimi nauza matairi, siuzi maneno ambayo hayajaulizwa."

Kobe akatoa picha aliyopiga uwanjani kwa simu. Malkia akaisogeza karibu na pua, akaikodolea macho. Matairi ni yale yale, akasema. Ringi moja aliichomelea yeye mwenyewe ukingoni, na mshono wake angeutambua hata kaburini. Ila ncha zile zimeharibiwa na nani? Makasia hulika namna ile kwenye lami, si mchangani. Wiki moja ya mchanga haiyafanyi kitu. Kisha akaiona mishale, akairudisha picha puani.

"Waliniambia yalifungwa kinyume," akasema. "Nilidhani wanasema ovyo. Sasa Tiara alifikaje juu?"

Kobe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ianze. "Mama, unajua kuendesha?"

"Kabla hujajua kutambaa nilikuwa nashinda mashindano."

"Basi kesho asubuhi tupande kwa Babu."

Jumatano wakafika kambini, pikipiki ya marehemu ikiwa imefungwa kamba juu ya pikapu. Usukani ulikuwa umepinda kidogo, lakini injini iliitika. Aliyewapokea alikuwa msimamizi wa kambi, kijana aliyevaa viatu vyeupe mahali pa mchanga, mpwa wa mwenye kambi. Watu walimwita Bosi Mdogo. Kuna watu hupewa kazi kwa kuijua, na kuna watu hupewa kwa kumjua mjomba. Akasema kwa ukarimu mwingi kwamba yeye alidhani mambo yamekwisha, mkuu mwenyewe alimhakikishia kwa simu. Kobe akasema mambo yamekwisha kweli, anajaza tu mapengo ya maelezo yake. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama pikipiki za kambi huwa zinapita barabarani.

"Kamwe," Bosi Mdogo akasema kwa fahari. "Hiyo ni sheria yangu namba moja. Hata kwenda kituo cha mafuta zinabebwa."

Kobe akashukuru. Mlangoni pa chumba cha kofia alisimama mwanamke, kitambaa mkononi, akisugua kofia iliyokwisha kung'aa. Huyo alikuwa Mama Kofia. Hakuja karibu. Hakuacha kusugua.

Jaribio lilikuwa rahisi, nalo Kobe aliliendesha kwa utaratibu wa mpishi anayeonja chumvi: kubadilisha kitu kimoja, kuonja, kubadilisha kingine. Kwanza, Malkia apande na matairi vilevile yalivyokutwa, magumu na ya kinyume. Malkia akavaa kofia, akaketi, chombo kikanesa. Akaja mbio kutoka mbali, akamvamia Babu. Hakufika popote. Palepale kwenye unyayo wa kilima magurudumu yakaanza kujichimbia shimo, mchanga ukirushwa huku na huko bila mpango, chombo kikakaa kitako kama ng'ombe aliyegoma.

"Ni kama kula kwa mgongo wa kijiko," akasema aliposhuka. "Unapeleka mkono mdomoni siku nzima na unalala njaa."

Bosi Mdogo akasema matairi yana upepo mwingi, ndiyo sababu. Kobe akasema hoja hiyo ni nzuri, wakapunguza upepo mpaka yakabonyea kwa goti. Malkia akarudi mbali, akaja tena kwa kelele zaidi. Safari hii alipita unyayo, akafika kama kwenye kifundo cha mguu, akazama.

Bosi Mdogo akasema labda mama huyu ni mzito kuliko marehemu. Malkia akamgeukia taratibu. Akamwambia kwamba Tiara alikuwa akimbeba mgeni nyuma kila siku, na kwamba akitaka kumpima yeye uzito alete mizani na mjomba wake wa kumshikia.

Kisha Kobe akaomba jeki. Gurudumu la kulia likaenda kushoto, la kushoto kulia. Hakuna kingine kilichoguswa. Mishale ikatazama mbele. Malkia akamvamia Babu mara ya tatu, na sasa chombo kilikuwa kitu kingine: makasia yakachota, mapazia mawili ya mchanga yakapanda nyuma yake, injini ikiimba bila kukwama. Akapita kifundo, akapita goti, akafika begani, palepale palipokuwa na kijiti cha polisi cha kuonyesha alipokutwa Tiara. Akazunguka na kushuka, akaivua kofia kama aliyetoka kuvikwa taji.

Kobe akamwacha apumue. Kisha akamgeukia Bosi Mdogo, akaanza kusema kwa ile sauti yake ya polepole ambayo kituoni iliwachosha watu.

"Tiara alikutwa begani. Chombo chenye makasia ya kinyume hakifiki kifundoni. Kwa hiyo alipokuwa hai, matairi haya hayakuwa yamefungwa hivi. Yalifungwa hivi baada ya kufa. Mtu aliyafunga kwa haraka, akachanganya kulia na kushoto. Fundi asingekosea hapo."

"Labda Spana..."

"Spana ulimtuma mjini wewe mwenyewe. Yeye na dada yake. Hadi leo asubuhi jambo hilo lilikuwa halimsaidii, maana tulidhani alitega kabla ya kuondoka. Sasa tunajua kazi ilifanyika baada ya kifo, na mtu aliyekuwa mjini hana mkono mrefu hivyo."

Palepale, kabla ya kuendelea, akatoa simu na kumpigia koplo wa zamu. Akamwambia amtoe Spana mahabusu, ampe maji aoge, na mkuu akiuliza aambiwe kwamba maelezo anayoyataka yanakuja, ila hayatakuwa mafupi. Mlangoni pa chumba cha kofia kile kitambaa kilikoma kusugua.

Kobe akafungua karatasi yake, akamwonyesha Bosi Mdogo kijiwe cha lami. Akamkumbusha sheria yake namba moja. Halafu akauliza: kama pikipiki hii haijawahi kugusa barabara, matairi yake yalikuwa yamevaliwa na chombo gani kilichoigusa? Na Tiara alipanda na nini?

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Bosi Mdogo alijaribu kuirefusha. Kwanza hakujua. Halafu hakukumbuka. Halafu akasema yeye ni mwajiriwa tu kama wao, hutekeleza anachoambiwa, maneno ambayo viatu vyeupe huyasema siku mchanga unapoingia ndani. Kobe hakumkatiza. Alisimama, shingo kolani, akisubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kuzito kuliko kofi.

Mwisho ikatoka. Ijumaa ilikuja pikipiki nyingine, mpya, ya mgeni mmoja mkubwa, rafiki wa mjomba. Ilikuwa na matairi ya barabarani. Mgeni akataka kumpanda Babu, akayaona makasia ya Tiara, akayapenda. Bosi Mdogo akamwamuru Tiara ambadilishie mwenyewe, Spana akiwa ameshatoka kazini, na Tiara akapewa yale ya barabarani. Jioni ile mgeni akayatia upepo, akatembelea nayo mjini apigwe picha. Jumamosi mchana, kambi ikiwa tupu, akampanda Babu na upepo uleule. Alikuwa na makasia na injini kubwa, akafika kileleni, na huko akazama. Akapiga simu kwamba amekwama na jua linamuua.

"Nikamwambia Tiara amfuate," Bosi Mdogo akasema akitazama viatu vyake. "Akaniambia kwa matairi haya, bosi, Babu hanipokei. Nikamwambia mgeni huyu si wa kusubirishwa. Akaja mbio, meno ya matairi yakamfikisha begani, hapo yakateleza na chombo kikamgeukia."

Malkia akatema mate mchangani. Kobe akauliza nani aliyahamisha magurudumu. Bosi Mdogo akasema walisaidiana, yeye na mgeni, juu kulekule. Chombo cha mgeni wakakishusha na matairi ya barabarani, kushuka ni rahisi. Ndipo akapiga simu polisi. Wazo halikuwa lake.

"Lilikuwa la nani?"

Kijana akainama kufuta mchanga kwenye kiatu. Kobe akamwambia wataendelea kituoni, na kwamba jina la mgeni huyo atalitaja akiwa ameketi, kwa kuwa lilionekana ni zito kulibeba wima. Akamshika mkono juu ya kiwiko, bila nguvu, akamgeuza kuelekea pikapu. Alikuwa na uhakika wa kazi yake. Jina angelipata kabla ya jua kuzama, lipendwe lisipendwe na walioko juu.

Hapo Mama Kofia akaja. Alikuwa ameishusha kofia mahali, mikono mitupu. Akampita Malkia, akasimama mbele ya Bosi Mdogo. Wote wakadhani atampiga, na Kobe, ambaye alikuwa na wajibu wa kumzuia, akajikuta ametazama pembeni.

Hakumpiga. Akamuuliza kama Tiara alipoanguka mgeni alikuwa ameketi kileleni, juu yake tu. Bosi Mdogo akatikisa kichwa kukubali. Akamuuliza yeye alichukua muda gani kufika kwa miguu. Akasema mrefu, mchanga ulikuwa unarudisha nyuma, alipumzika mara nyingi.

"Na ulipofika," mwanamke akasema, "mgeni wako ulimkuta bado ameketi juu?"

"Hapana. Alikuwa ameshuka. Alikuwa kwenye bega, amesimama kando ya pikipiki. Alinambia keshakufa."

Upepo ukachukua mchanga kidogo kutoka kilele cha Babu, ukaumwaga upande wa pili. Mama Kofia akawatazama mmoja mmoja, Bosi Mdogo, Malkia, kisha Kobe, kama anayetafuta ni yupi kati yao aliyesomea jambo hili.

"Mpaka wewe unafika," akasema, "mume wangu alikuwa hai kwa muda gani, na yule mtu amesimama anamtazama?"